Livingstone mwezi wa kumi na kandambili? Mkuu, subiri kwanza

Mkuu, salamu baadaye. Umeandika mnatoka Mbeya kwenda mji wa Livingstone, Zambia, kushuka mto Zambezi kwa boti la mpira, ukauliza gharama, ukauliza habari za mwenzako asiyejua kuogelea, halafu mwishoni ukatupia kwamba dalali wenu kasema kandambili zinatosha "maana mtakaa botini muda wote". Nimesoma hapo nyayo zikaniwasha.

Botini muda wote! Na mimi niliambiwa hivyo hivyo, na dalali ambaye leo naamini hajawahi kushuka hata ngazi za ghorofa. Siku inaanza kwa kuteremka korongoni kwa miguu. Ukifika mkondo namba 9 (sehemu za maji makali huko zinaitwa kwa namba), wateja hawapitishwi, mnashuka botini mnauzunguka juu ya mawe. Jioni mnapanda korongo mpaka juu, mita zaidi ya 100, jua likiwapiga kisogoni.

Na mawe yenyewe ni basalti, lava iliyoganda miaka kama milioni 180 iliyopita, nyeusi tii. Oktoba ndio joto lao kali, maji yamepungua, mawe yako nje yanaota jua tangu asubuhi. Chapati ingeiva pale.

Boti letu lilipinduka namba 5. Niliibuka mzima, kasia mkononi, nipeni sifa yangu. Kandambili zikashika njia ya ziwa Kariba, huko mto unakoelekea, bila kuaga. Kufika namba 9 nikawa naruka jiwe hadi jiwe, wenzangu wakidhani nasherehekea. Nikavua helmeti, nikawa nachota maji namwaga mbele yangu ndipo nakanyaga.

Hicho kilikuwa kionjo tu. Kwenye kupanda nilichana fulana nikafunga miguu, vitambaa vikaisha kabla hata ya nusu ya njia. Juu nilifika kwa magoti na makalio, nyayo malengelenge matupu, kidole kimepasuka. Ikafuata hospitali, dawa, basi la Lusaka likaondoka na nauli yangu, na mimi gesti nimelala kifudifudi nyayo zinapepewa na feni. Hela iliyokwenda ingenunua raba za ukoo mzima. Nampigia dalali, ananijibu: "Pole, ila si ulifurahia?"

Raba za kufunga kamba, mkuu. Fundo mara mbili. Sio yeboyebo, sio makobazi, sio zile sendozi za kuchomeka tu. Hata za mtumba zilizochakaa poa, mradi soli ishike jiwe lenye maji na zisivuke mguuni ukipinduka, maana kupinduka kupo.

Mwenzako asiyejua kuogelea awaambie waongozaji mapema, kabla ya kulipa, wao ndio waamue. Asijifanye samaki. Ila muulize na yeye kapanga kuvaa nini miguuni.

Gharama kuna watu humu wametoka huko juzi, watakujibu. Wewe tupia picha ya raba zenu hapa kabla hujamtumia huyo dalali hata senti.