Maswali ya Wasomaji: Mchapishaji wa Mchezo Tunamdai Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu wanne tumecheza mchezo wa kuigiza wahusika mezani kwa miaka sita, tukitumia kitabu cha kanuni na vitabu vitatu vya nyongeza tulivyovinunua kwa kuchanga. Sasa mchapishaji ametangaza toleo jipya lisiloendana na vitabu vyetu, na amesema hatatoa tena chochote cha toleo la zamani. Baadhi yetu tunaona tumedhulumiwa, lakini wengine wanasema tulinunua vitabu, na vitabu tunavyo. Je, tunamdai nini hasa?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa toleo jipya peke yake hamumdai kitu. Vitabu vyenu havikuharibika siku ya tangazo, kete zenu ni zile zile, na hakuna anayeweza kuja kuwazuia kuendeleza kisa mlichokianza. Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka mwaka 1974 na kuzaa michezo mingine mingi ya aina hii, umebadilishwa mara kadhaa, na hadi leo kuna vikundi vinavyocheza kwa kanuni za zamani bila kumwomba mtu ruhusa.

Hata hivyo, wenzenu wanaolalamika nao wana hoja, ila inahusu ukweli ambao mchapishaji aliwaambia au kuwaficha mlipokuwa mkinunua. Toleo la tatu la mchezo huo lilitoka mwaka 2000, na mwaka 2003 likaja toleo lililorekebishwa, kwa hiyo aliyenunua vitabu mwishoni mwa kipindi hicho alijikuta na kanuni zilizopitwa baada ya muda mfupi sana. Mchapishaji ana haki ya kurekebisha kazi yake. Lakini akiwa tayari anajua kwamba toleo jipya liko njiani, kisha akaendelea kuuza la zamani kwa bei kamili huku amenyamaza, basi amechukua fedha za mtu ambaye pengine angesubiri kama angeambiwa. Ikiwa kitabu chenu cha mwisho mlikinunua wiki chache kabla ya tangazo, mwandikieni mchapishaji, mkitaja tarehe ya ununuzi, na kumwomba awapunguzie bei ya kitabu kipya.

Liko deni jingine ambalo wachezaji hulisahau, nalo kwangu ni kubwa kuliko hilo la matoleo: kitabu cha kanuni lazima kifanye kazi. Riwaya yenye makosa ya chapa bado inasomeka, lakini kanuni inayomwelekeza msomaji kwenye jedwali ambalo halimo kitabuni, au kanuni mbili zinazopingana kuhusu jambo moja, husimamisha mchezo mezani huku watu watano wakimtazama mwongozaji, yaani yule anayesimulia kisa na kusimamia kanuni. Nimekuwa mwongozaji kwa miaka mingi na naijua hali hiyo. Mnunuzi ana haki ya kupata kanuni zilizojaribiwa na watu wasioziandika, ambao hawana mwandishi pembeni wa kuwafafanulia, na makosa yanapogunduliwa, orodha ya masahihisho inapaswa kutolewa bure hata kwa aliyenunua nakala ya kwanza kabisa.

Sijui kama vitabu vyenu ni vya karatasi au vya kidijitali, na tofauti hiyo ni nzito. Mwezi Aprili 2009 kampuni ya Wizards of the Coast, mchapishaji wa mchezo huo nilioutaja, ilisitisha uuzaji wa faili za PDF za vitabu vyake, na wateja waliokuwa wamekwisha kulipa wakakuta hawawezi tena kuzipakua upya kutoka kwenye maduka waliyonunulia. Mwaka 2024, kampuni hiyo ilipotaka kuweka matini mapya ya uchawi na vifaa mahali pa yale ya mwaka 2014 katika huduma yake ya mtandaoni ya D&D Beyond, wachezaji walipinga kwa nguvu, nayo ikauacha mpango huo. Naona walipinga kwa haki kabisa. Mtu aliyelipia matini fulani anapaswa kuyakuta kesho kama alivyoyaacha jana, na kama kinachouzwa ni ruhusa ya kuyasoma kwa muda tu, hilo liandikwe wazi kabla ya malipo. Kama mnazo faili, zihifadhini leo katika vifaa vyenu wenyewe.

SWALI: Nilichangia kitabu cha mchezo kupitia kampeni ya kuchangisha fedha mtandaoni. Muda ulioahidiwa umepita kwa zaidi ya mwaka, na mwandishi yuko kimya. Je, mimi ni mteja au mfadhili?

JIBU: Kwa kawaida masharti ya kampeni hizi hukuhesabu kuwa mtu aliyesaidia kazi ianze, si mtu aliyenunua bidhaa iliyo tayari, kwa hiyo kuchelewa pekee si uvunjaji wa ahadi, wachoraji huchelewa na viwanda vya uchapaji navyo huchelewa. Kimya ndicho kisichokubalika. Aliyepokea fedha zako anadaiwa taarifa ya kweli kuhusu kazi ilipofikia na fedha zilikotumika, na akishindwa kabisa kuimaliza anapaswa kueleza atakavyorudisha kilichobaki. Mwulize kwa maandishi kama matini yamekamilika. Kama yamekamilika na kikwazo ni uchapaji tu, omba utumiwe faili yake wakati ukisubiri kitabu chenyewe.