Kikohozi cha mgodini sio TB kila siku

Kaka yangu alizama Mererani, kwenye migodi ya tanzanaiti, miaka 12, mwanaapolo haswa, yani mchimbaji wa shimoni, kazi yake kupiga mashine yani kutoboa mwamba ili watu waweke baruti, akipanda juu unaona macho na meno tu. Nyumbani tulikuwa tunamcheka. Lile vumbi jeusi lililomfunika ni grafaiti, madini ya humo mgodini, ndo linaloonekana, kumbe humo humo kuna vumbi la silika la kutoka kwenye jiwe, dogo hulioni kwa macho, na hilo ndo linashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa huko chini na halitoki tena. Mwili unapambana nalo unashindwa, pale lilipokaa panafanya kovu, kovu juu ya kovu mpaka pafu linakakamaa halitanuki vizuri. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi.

Basi kaka akaacha mgodi akanunua bodaboda, tukasema kamalizana na vumbi. Wapi! Makovu yanaweza kuendelea hata kama kazi uliacha zamani, na mara nyingi dalili zinakuja miaka 10 au zaidi tangu uanze kuvuta vumbi, ingawa likiwa jingi sana inawahi. Yeye alianza na kikohozi kikavu, halafu akawa anahema akipanda kilima cha kwetu, baadaye hata kuvaa viatu anapumzika katikati. Akakonda. Zahanati wakampa dawa za TB miezi 6, kikohozi kiko palepale, wakataka wamuanzishie tena na makohozi yalipopimwa hayakuwa na wadudu. Hakuna aliyemuuliza alikuwa anafanya kazi gani na yeye hakusema, nani anaenda hospitali kupiga stori za mgodini?

Sasa wewe sema. Ukikaa tu mbele ya daktari anza na hiyo, nilikuwa mgodini miaka kadhaa, au nilikuwa naponda kokoto, au nasaga mawe ya dhahabu, yote vumbi ni lilelile. Ulizia picha ya kifua na kile kipimo cha kupuliza hewa kuona mapafu yanafanyaje kazi. Ila TB usiidharau jamani, silikosisi inairahisishia njia na mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo pima.

Dawa ya kufuta kovu hakuna, anayekuuzia mizizi ya kusafisha mapafu anataka hela yako. Kinachosaidia ni kutoka kwenye vumbi mapema, kuacha sigara, na ikifika pabaya oksijeni.

Na hii ya kunywa maziwa ukitoka shimoni eti yanaosha vumbi, kaka alikunywa lita na lita. Maziwa yanaenda tumboni! Kitambaa cha puani nacho hakizuii lile vumbi dogo, bora maji yapite kwenye mashine wakati wa kutoboa na barakoa ile nzito inayobana uso, ambayo kaka anasema wangemcheka akiivaa.