Usichokoe jeti ndogo kwa waya (pikipiki ngumu kuwaka asubuhi)

Mkuu, weka huo waya chini kwanza. Umesema pikipiki yako ya 125 ya kabureta ilikaa miezi miwili bila kuguswa, sasa asubuhi unapiga kiki hadi 20 ndipo ishike, ikishapata moto inatembea vizuri. Fundi amekwambia ufungue kabureta uchokoe jeti (kiskrubu cha shaba chenye tundu linalopimia mafuta) kwa uzi mmoja wa kebo ya klachi. Umeuliza pia uweke plagi gani. Naanza na waya, maana hapo ndipo pesa inapotelea.

Fundi wako amepatia ugonjwa, amekosea dawa. Ukifungua bakuli la kabureta utaona jeti mbili: kubwa iko katikati, ndogo imezama kwenye shimo lake pembeni. Hiyo ndogo ndiyo ya sailensi (injini ikiunguruma bila kuvuta ekseleta), na injini ikiwa baridi na ekseleta imefungwa, ndiyo inayotegemewa. Petroli ikikaa, sehemu yake nyepesi inaruka na kuacha ulimbo wa kahawia. Tundu la jeti ndogo ni jembamba kiasi kwamba ulimbo kidogo tu unalifunga, wakati kubwa bado inapitisha. Ndiyo maana ikishawaka inakimbia kama kawaida.

Sasa tazama jeti yenyewe, ina namba imegongwa. Kwenye jeti ndogo za Keihin, 38 ni kipenyo cha milimita 0.38. Jeti ni ya shaba, uzi wa kebo ya klachi ni wa chuma kigumu. Ukiusugua mle mara kadhaa, tundu likafika 0.42, umeongeza milimita 0.04 tu, pungufu ya unene wa unywele. Lakini eneo la tundu limekua kwa zaidi ya asilimia 20, na mafuta yanaongezeka hivyohivyo.

Ubaya ni kwamba kesho yake itawaka kiki ya pili! Injini baridi inapenda mafuta mengi, kwa hiyo utamsifu fundi. Baada ya siku chache plagi inakuwa nyeusi ya masizi makavu, sailensi inapanda na kushuka, ukisimama nayo ikiwa ya moto haitaki kuwaka tena, na tanki linaisha mapema. Hapo mtu atakaza skrubu ya mchanganyiko wa mafuta na hewa mpaka mwisho, haitasaidia. Huku ndani petroli iliyozidi inaosha oili kwenye ukuta wa silinda na kushuka chini. Chomoa kijiti cha oili unuse: kikinuka petroli na oili imekuwa nyepesi kama maji, ringi zinasagika. Mwisho utaambiwa “kompresheni imeisha, nunua seti ya pistoni na ringi”. Mimi nililipa seti hiyo, na pikipiki ikarudia ugonjwa uleule, kwa sababu jeti iliyoharibiwa ilirudishwa ilivyo. Kila aliyeifungua aliona 38 akasema jeti iko sawa. Namba inabaki 38, tundu si la 38 tena.

Inaniuma kuona ushauri huu bado unatolewa kwa kujiamini. Fundi anayechokoa jeti kwa waya anaokoa dakika kumi zake kwa kuharibu injini yako. Jeti ni kipimo, kama mizani ya duka, na mizani haisafishwi kwa tupa.

Fanya hivi. Kabla ya kufungua kitu, chukua chupa inayoonyesha ndani, weka mdomo wake chini ya bakuli, fungua koki ya mafuta, kisha legeza skrubu ya kumwagia. Mafuta yatoke mfululizo. Yakidondoka tone tone, tatizo liko kwenye koki, filta au sindano ya boya (inayofungulia na kufungia mafuta yanayoingia bakulini), wala jeti haijahusika bado. Acha chupa itulie: maji yatakaa chini kama shanga. Mafuta ya kahawia yenye harufu kali kama vanishi, mwaga yote, hata ya tankini.

Kisha jeti. Tumia bisibisi bapa inayoenea kabisa kwenye mfuo wake, maana shaba inalika upesi. Iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta hadi ulimbo ulainike, halafu ipulize kwa upepo wa kompresa pande zote mbili, na vitundu vya ubavuni pia. Inyanyue kwenye mwanga: unataka kuona duara safi, lisilo na kona wala utando. Ikikataa, uzi wa mshipi wa nailoni mwembamba unaruhusiwa kwa sababu ni laini kuliko shaba. Ikikataa tena, nunua mpya yenye namba ileile. Na kama imeshawahi kuchokolewa na mtu yeyote, usiipime kwa macho, badilisha.

Pulizia pia njia iliyo ndani ya mwili wa kabureta, wengi wanasahau. Ukitoa skrubu ya mchanganyiko, kwanza ikaze taratibu hadi iguse, huku ukihesabu mizunguko, na uandike. Ndani yake kuna springi, washa (pete bapa ya chuma) na mpira mdogo wa duara. Vikipotea, hewa inaingia na utahangaika upya. Usiikaze kwa nguvu, ncha yake inavunjikia ndani.

Plagi: weka ile iliyotajwa kwenye kitabu cha pikipiki, nafasi yake nayo ifuate kitabu, nyingi za ukubwa huo ni milimita 0.6 hadi 0.7. Haitazibua jeti hata iwe mpya.

Ukishafunga, fungua koki, subiri dakika moja bakuli lijae, weka choki, mkono uwe mbali na ekseleta. Kwenye kabureta yenye choki ya pistoni ndogo, ukivuta ekseleta unapoteza mvuto unaonyonya mafuta ya choki, kwa hiyo unapiga kiki bure. Kiki nne au tano zinatosha. Ikigoma, chomoa plagi uitazame kabla hujafika ya ishirini: ikiwa kavu, mafuta bado hayafiki; ikiwa imelowa, ikaushe, iguseshe mwili wake kwenye hedi mbali na tundu la silinda, uone kama inatoa moto ukipiga kiki.