Maembe yaliyobaki: oka keki

Dada, umeuliza kama maembe na nanasi vilivyobaki baada ya shughuli vinafaa kwa keki ya kunywea kahawa. Vinafaa sana! Tikiti usilitie, maji yake ni mengi mno, lileni tu.

Shida kubwa ni majimaji. Katakata matunda vipande vidogo, yaache kwenye chujio dakika 15, kisha yapake unga kijiko kimoja ili yasizame chini. Juisi inayochuruzika kunywa, usiimwage kwenye keki.

Piga siagi gramu 115 na sukari robo tatu kikombe, tia mayai 2 na mtindi nusu kikombe. Ongeza unga vikombe 2, beking pauda vijiko 2 vya chai na chumvi kidogo. Usikoroge sana, keki itakuwa ngumu. Panga matunda juu.

Utamu wenyewe uko kwenye chenga: fikicha siagi baridi, unga, sukari na mdalasini kwa vidole, nyunyiza juu. Mimi huongeza iliki pia. Oka nyuzi 180 kama dakika 45. Ukitumia mkaa, mwingi uwe juu, chini uweke kidogo tu.