Unatolewa mapema kwenye poka ya nyumbani? Uzoefu wangu wa Kiboriloni

Mkuu, umeuliza kama dawa ya kutolewa mapema ni kutulia na kusubiri ree mbili (jozi kubwa kuliko zote kati ya karata mbili anazogawiwa kila mchezaji), maana kila mkicheza wewe ndiye wa kwanza kuinuka mezani. Nikujibu kwa yaliyonikuta, kwa sababu hiyo dawa niliinywa na ikanitoa vilevile.

Sisi tunacheza Moshi, Kiboriloni, kila mwisho wa Desemba watu wakishapanda kutoka Dar kuja kula Krismasi. Tunakuwa tisa. Meza ya chakula inatandikwa shuka la Kimasai ili karata ziteleze, na badala ya chipu tunatumia vizibo: vya soda ni 25, vilivyopakwa rangi ya kucha ni 100, vya bia ni 500. Hela hatuwekeani. Tunachanga mbuzi, mshindi anaondoka na paja bichi, na wa kwanza kutolewa anakwenda nyuma ya nyumba kugeuza nyama. Huo moshi nimeula miaka miwili mfululizo, enzi zile nafuata kila karata. Ndipo mtu akanishauri: wewe subiri.

Kila mtu anaanza na vizibo vya 5,000. Blaindi, yaani yale madau ya lazima ya wawili walio kushoto kwa mgawaji, zinaanza 25 na 50, kisha kila dakika 20 zinapanda: 50 na 100, 75 na 150, 100 na 200, 150 na 300, hivyo hivyo mpaka kieleweke.

Sasa tazama nyumbani tunavyocheza. Huyu anapokea simu, mtoto kaja kuomba soda, shangazi anauliza kwa mara ya nne kama kopa tano zinaishinda karata tano zilizofuatana (zinaishinda, shangazi). Ndani ya dakika 20 mnagawa mara nane, ikizidi sana tisa. Saa tatu nzima ni kama migao 72. Ree mbili zinakuja mara moja katika migao 221. Kwa hiyo wewe unayezisubiri, kwa wastani utaziona mara moja katika Krismasi tatu! Hata jozi yoyote, ikiwemo ile ya mbili, ni mara moja katika 17. Ushauri wa subira unawafaa zaidi wanaocheza mtandaoni, ambako migao inakwenda mbio. Kwa kasi yetu, kila ukimaliza mzunguko mmoja wa meza, blaindi zimeshapanda.

Mwaka wa tatu, basi, nikasubiri. Nilitupa magarasa, nikatupa na karata nzuri kidogo, nikajiona mtu mzima. Ilipofika 400 na 800 nilikuwa na 2,300. Hakuna aliyekuwa amenishinda mkono hata mmoja. Blaindi peke yake zilishanimega 2,700. Ndipo zikaja kingi mbili. Moyo ukaruka, nikasukuma vizibo vyote. Unajua kilichotokea? Watatu wakafuata. Kwa nini wasifuate, wakati kuniona ilikuwa bei ya chini ya blaindi tatu? Jozi ya kingi mbele ya mtu mmoja mwenye karata zozote inashinda zaidi ya mara nane katika kumi. Mbele ya watatu inashuka chini ya sita. Shangazi alikuwa na saba na nne za pau, garasa kabisa, lakini kwenye karata za wote mezani ikalala saba, halafu nne, akawa na jozi mbili. Akavikumba vizibo vyangu kwa kiganja kama anayekusanya mahindi mkekani, akaniambia, "Pole baba, nenda kaangalie nyama."

Kosa halikuwa zile kingi. Kosa lilikuwa kuzisubiri mpaka vizibo vyangu vikawa havimtishi mtu.

Binamu yangu mmoja kila mwaka anatuletea kisa cha Jack Straus, yule Mmarekani aliyebakiwa na chipu moja kwenye mashindano ya dunia ya 1982 kule Las Vegas, akarudi mpaka akawa bingwa. Kisa ni cha kweli, lakini kimewaharibu wengi. Kinasimuliwa mpaka leo kwa sababu haikuwa kawaida.

Mwaka uliofuata nikabadilika. Mwanzoni, blaindi zikiwa 25 na 50, vizibo vyako vya 5,000 ni mara 100 ya blaindi kubwa, lile dau kubwa kati ya yale mawili. Hapo hakuna haraka yoyote. Ukipata jozi ndogo, mfano nne mbili, na unaweza kufuata kwa bei ndogo, fuata. Mara moja katika nane hivi utapata nne ya tatu kwenye zile karata tatu za kwanza mezani, na hapo ndipo pa kumvuna mtu. Usipoipata, tupa bila kinyongo. Ukiwa wa kwanza kuongea, kuwa bahili. Ukiwa wa mwisho, umeshawaona wenzako, unaweza kulegeza.

Na ukishatupa, usishike simu! Hili nalisisitiza kwa sababu nilichelewa kulijua. Binamu huyo wa kisa cha Straus anapandisha dau karibu kila mgao. Nilimtazama saa nzima bila kucheza naye. Akiwa anatishia nyau, anapiga stori: foleni ya Kimara, basi lililoharibika njiani, bei ya nyanya. Akiwa na kitu kweli, ananyamaza na kuvipanga vizibo vyake kwa urefu, kimoja juu ya kingine. Kwenye 75 na 150 nikapata kwini mbili, nikapandisha mpaka 450, yeye peke yake akafuata. Mezani zikalala ree, kingi na tatu. Binamu kimya. Akapanga kamnara ka vizibo, akasukuma 1,000. Nikazitupa kwini zangu, na ziliniuma. Akaonyesha ree na kingi, akacheka. Na acheke, mimi nilitoka na hasara ya 450 tu.

Ilipofika 150 na 300 nilikuwa na 3,300, yaani blaindi kubwa 11. Kwangu mimi hapo ndipo subira ya kusubiri karata inapokoma: ukikaribia blaindi kumi, chagua wakati mwenyewe kabla blaindi hazijakuchagulia. Zamu ya kugawa ilikuwa yangu, wote wakatupa mpaka kwangu. Nilikuwa na ree na tano, si karata za kujivunia. Nikasukuma zote. Aliyefuata akatupa. Shangazi, mwenye blaindi kubwa, akanitazama juu ya miwani. "Wewe umekaa kama mgonjwa tangu saa moja. Leo umeamka na nini?" Akageuza karata zake kidogo, akaonyesha jozi ya sita, akazitupa. Alikuwa ananishinda! Nilikula 450 bila kufunua kitu, zaidi ya sehemu moja ya nane ya nilichokuwa nacho. Ile saa nzima ya kutupa ndiyo iliyonilipa pale. Angekuwa binamu kasukuma, shangazi angefuata huku anatafuna.

Halafu kuna jambo la nyama. Kwetu mbuzi anaiva kwenye saa mbili na nusu, harufu inaingia dirishani, na ghafla watu watatu wanasukuma vizibo vyote kwa karata za ajabu ili wakale. Kula mapema, mkuu. Mimi siku hizi nashiba mtori kabla hatujakaa. Pombe nayo waachie wengine mpaka mchezo uishe; hilo unalijua.

Na kama mwenyeji wenu anapandisha blaindi kila dakika kumi, mwambie aweke 20 au 25. Kwa dakika kumi mnagawa mara nne, na hapo hakuna subira wala ujuzi, ni bahati nasibu ya kanisani.

Mwaka huo tulibaki wawili, mimi na shangazi. Mimi jozi ya tisa, yeye ree na jeki, vizibo vyote ndani. Karata ya mwisho ikawa jeki ya shupaza. Paja likapanda Old Moshi limefungwa kwenye gazeti, mimi nikalala nimeshika tisa zangu mbili.