Wasomaji Wanauliza: Wilaya Moja, Mabonde Mawili

Ndugu Mhariri, salaam. Mwanafunzi wangu aliona katika ramani ya India wilaya iitwayo Lahaul na Spiti, akaniuliza kama ni wilaya moja au mbili, na kwa nini eneo kubwa namna ile lina watu wachache mno. Nilimwahidi jibu, na sasa deni hilo nakuletea wewe.
*Mwalimu wa jiografia, Kondoa*

Mwalimu, ni wilaya moja yenye mabonde mawili, na hilo neno “na” lililo katikati ya jina lake limesimama mahali pa mlima. Wilaya hiyo iko katika jimbo la Himachal Pradesh, kaskazini mwa India, ndani kabisa ya Himalaya, na upande wa mashariki inapakana na Tibet. Lahaul, iliyo magharibi, ina mito miwili, Chandra na Bhaga, ambayo hukutana mahali paitwapo Tandi na kuendelea kama mto mmoja, Chenab. Spiti ina mto wake wenye jina hilohilo, unaoteremka kusini-mashariki hadi kuingia katika Sutlej. Maji ya mabonde haya mawili huanzia milima jirani, lakini hayakutani tena mpaka yafike tambarare za Pakistan. Kati yake kuna kipito cha Kunzum, chenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ambacho theluji hukifunga karibu nusu ya mwaka.

Kuhusu watu, sensa ya 2011 ilihesabu wakazi 31,564 katika kilomita za mraba 13,800 na ushei. Eneo hilo ni kama theluthi moja ya Mkoa wetu wa Dodoma, ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu 3,085,625. Kwa hiyo kilomita ya mraba inayobeba watu wawili kule, hapa hubeba takribani sabini na watano, nasi bado tunajiita watu wa nyika.

Sababu yake ni baridi na ukavu, na kuhusu ukavu naomba nikae kidogo, maana unatuhusu. Upepo wa kusi, uleule ambao manahodha wa pwani yetu waliungojea uwarudishe Arabuni na Bara Hindi, huvuka ikweta, hugeukia India na kuinyeshea mvua kubwa kuanzia Juni. Ukifika kwenye safu ya Pir Panjal hulazimika kupanda, hupoa, na kuutua mzigo wake upande wa Kullu, bonde jirani la kusini, ambako misitu ni ya kijani kibichi. Anayevuka kipito cha Rohtang, mita 3,978, hushuka Lahaul na kuona mawe na vumbi, na akiendelea Spiti hukuta ukame zaidi. Msomaji wa Dodoma hahitaji kufundishwa habari za mawingu yanayopita juu bila kushusha kitu. Maji yao ni theluji ya majira ya baridi, ambayo wakulima huivuta ikishayeyuka kwa mifereji myembamba iliyochimbwa ubavuni mwa milima, wakapata mavuno mara moja tu kwa mwaka: shayiri, njegere na viazi. Wanaotajwa kuviingiza viazi Lahaul ni wamisionari wa Kimoravian waliofungua kituo Keylong katika miaka ya 1850, kanisa lilelile ambalo sisi tunalijua kwa Rungwe na Tabora.

Mhariri, nimesoma kwamba wilaya hiyo imehamishwa mara nyingi kutoka mamlaka moja kwenda nyingine. Ni akina nani walioitawala, na leo mkuu wake huiongozaje ikiwa nusu yake haifikiki?
*Mstaafu wa serikali za mitaa, Area C, Dodoma*

Shikamoo, mzee wetu. Swali lako ni la mtu aliyewahi kusubiri gari la ofisi wakati wa masika.

Spiti ilikuwa chini ya wafalme wa Guge, magharibi mwa Tibet, kisha ikawa ya Ladakh, ufalme jirani wa kaskazini. Lahaul kwa muda mrefu iliwatii wafalme wa Kullu, na baadaye Masingasinga. Mwaka 1846, Masingasinga waliposhindwa vita na Waingereza, Kullu na Lahaul zilichukuliwa na washindi, lakini Spiti ilikwenda pamoja na Ladakh kwa Gulab Singh, mtawala wa Jammu. Mwaka huohuo Waingereza waliitaka Spiti, wakampa Gulab Singh ardhi nyingine badala yake. Hawakuitamani kwa mashamba yake. Walitaka njia ya kufikia nyanda za Tibet zilikotoka sufi laini za mbuzi. Wasomaji wa Mpwapwa, ambako misafara ya pembe ilijaza maji kabla ya kuikabili Marenga Mkali, wanajua jinsi mahali panavyoweza kupata thamani kwa sababu ya mzigo unaopita tu.

Baada ya kuipata, Waingereza hawakujisumbua sana nayo. Walimwachia mtawala wa kurithi, aliyeitwa Nono, akusanye kodi, na kanuni ya mwaka 1873 ikampa hata uwezo wa kuamua kesi, isipokuwa za mauaji. Mwaka 1941 mabonde hayo mawili yaliwekwa pamoja kama tarafa yenye makao yake Keylong, ndani ya Kullu. Mwaka 1960 yakawa wilaya kamili katika jimbo la Punjab. Na Novemba 1966, Punjab ilipogawanywa, watu wakalala Punjab na kuamka Himachal Pradesh bila mtu kubeba hata mkeka, kama wenzetu wa Chemba walivyojikuta mwaka 2012 si wa Wilaya ya Kondoa tena.

Mkuu wa wilaya kule ni mtumishi wa umma wa kudumu, aliyeingia kazini kwa mtihani wa taifa zima, na ofisi yake iko Keylong. Kipito cha Kunzum kikifungwa, akitaka kufika Kaza, mji mkuu wa Spiti, hana budi kushuka Kullu, kuzunguka kusini na kupandia Wilaya ya Kinnaur. Kwa hiyo tangu mwaka 1986 ofisa anayemfuatia kwa cheo, aliye Kaza, amepewa mamlaka juu ya idara zote za Spiti, na wa barabara, wa kilimo na wa elimu wote huripoti kwake.

Mwaka 2020 lilifunguliwa handaki la kilomita 9 chini ya Rohtang, na Lahaul ikapata njia ya kutokea hata wakati wa baridi. Ni kazi kubwa, sibishi. Hata hivyo, kwa maoni yangu limeisogeza Lahaul karibu na Kullu na kuiacha Spiti palepale ilipokuwa, kwa sababu Kunzum bado haijatobolewa.

Je, ni kweli kwamba nyumba za huko zinafanana na tembe la Kigogo?
*Msomaji, Mvumi*

Paa, ndiyo. Ni bapa, la miti na vijiti vilivyofunikwa udongo, na juu yake hurundikwa kuni na majani makavu ya mifugo. Lakini tembe letu limeinama na kuuzunguka ua wa ng’ombe, na nyumba ya Spiti husimama ghorofa mbili, kuta zimepakwa chokaa, wanyama chini na watu juu. Nyumba ya watawa wa Kibudha ya Tabo, kulekule Spiti, iliyoanzishwa mwaka 996, ni ya udongo vilevile. Tetemeko la Januari 1975 liliitikisa na kuiharibu, lakini michoro ya ndani ipo na sala zinaendelea.

Theluji ikianguka, mwenye nyumba hupanda juu ya paa na koleo akaisukuma chini kabla haijayeyuka na kulowesha udongo. Bibi yangu alitupandisha sisi wajukuu kila Novemba, tukiwa na kapu la udongo, kuziba nyufa kabla ya mvua ya kwanza.