Kuskiza sauti unapoediti biti: usiamue ikiwa peke yake

Yakhe, umeuliza vipi utaskiza sauti kabla hujaitia kwenye paterni (mpango wa mapigo unaojirudia), na mbona ikiwa peke yake tamu halafu ndani ya biti inakufa. Mie napiga kinanda na mashine ya dramu kwenye maharusi hapa Unguja, na hili limenisumbua sana, basi n'takwambia niliyoyaona.

Ukibonyeza kitufe cha kuskiza kwenye orodha ya sampo (sauti fupi zilizorekodiwa), mashine nyingi zinakupa faili likiwa bichi, halijapita kwenye filta (inayokata besi au sauti kali) wala tyuni ya pedi (kitufe cha kupigia sauti kwa kidole) wala volyumu yako ya miksa, kwa hiyo unachagua kitu kimoja unakuja kupiga chengine. Mie naipakia kwenye pedi kwanza, biti inakwenda, naipiga kwa kidole juu yake mizunguko minne mitano, ndo naamua. Na kidole kisiwe cha nguvu moja, maana ukiskiza tu unasikia ile ya juu kabisa, na tari harusini haipigwi hivo. Kwenye MPC, mashine za sampo za Akai, kuna 16 Level, sauti moja inatandazwa pedi zote 16 kutoka nguvu ndogo mpaka kubwa, itumie sana.

Nilirekodi kidumbak kwa mzee mmoja Ng'ambo, ngoma zishapashwa moto ngozi imekaza, kwenye hedifoni nkaona kazi imekwisha. Nkaitia kwenye biti, haisikiki! Kiki yangu (lile pigo zito la chini la dramu) ilikuwa imekalia besi ile ile. Nkaikata chini kwa filta huku biti inazunguka, ukiiskiza peke yake sasa nyembamba hata haipendezi, lakini ndani ya biti ikatoka kama mzee mwenyewe yupo chumbani. Wallahi siku ile ndo nilielewa.

Angalia na ukimya mwanzo wa sampo. Kwenye tempo 120 (mapigo 120 kwa dakika) stepu moja, yaani nafasi moja kati ya 16 za mzunguko, ni milisekunde 125, sampo ikianza na ukimya wa milisekunde 30 ushachelewa robo ya stepu, na ukiiskiza peke yake hujui. Kata.

Kama mashine yako ni ya stepu, mtindo wa Roland TR-808 ya mwaka 1980, kitufe cha stepu hakikupi sauti palepale, unasubiri biti izunguke, kwenye 120 ni sekunde mbili tu, vumilia.

Sasa jukwaani. Hedifoni ya mashine nyingi inatoa kile kile kinachokwenda spika. Nshawahi kutafuta sauti ya cherewa katikati ya nyimbo, harusi ya Mwanakwerekwe, ikatoka spika zote, kinamama wakasita kucheza wakageuka kunitazama, iliniuma. Ikiwa mashine ina auti (tundu za kutolea sauti) zaidi ya mbili, ipeleke pedi ya majaribio auti ya 3 na 4, chaneli yake kwenye miksa iteremshe chini, bonyeza PFL, kitufe cha miksa kinachokupa chaneli hiyo kwenye hedifoni ya miksa hata ikiwa imeteremshwa, unaskiza wewe tu. Ikiwa ina mbili tu, biti yote itie kushoto, pedi ya majaribio kulia, halafu waya wa kushoto peke yake ndo uende spika. Hapo lazima uwe ushaipakia, maana sauti ya kwenye orodha kwa kawaida inatoka pande zote mbili.

Niambie mashine yako ni ipi na ina auti ngapi, nikuelekeze waya.